Mpaka Kwenye Kona

Kila mara wageni walipokwisha kupanda gari na kufunga milango, wakidhani ziara imekwisha, Mzee wa Tembe ndiyo kwanza alianza kutafuta fimbo yake. Akiipata, alikwenda kusimama mbele ya gari, hana haraka hata kidogo, na kuwaonyesha kwa mkono kwamba washuke. Watalii walitazamana. Madereva waliomzoea waliwageukia abiria wao na kuwaambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa, kwamba hii ni desturi ya hapa, tembeeni kidogo tu, mimi nawafuata. Basi wanashuka, na kofia zao na chupa zao za maji, wanatembea naye vumbini kutoka mlango wa nyumba hadi pale barabara inapokata kona kuelekea mjini, huku gari likinguruma nyuma yao polepole kama gari la maiti. Kwenye kona anampa kila mmoja mkono. Anasema, "Haya, mmeagwa." Kisha anageuka na kurudi bila kutazama nyuma.

Niliwahi kumuuliza kama hadhani anawachosha.

"Wameshachoka tangu walikotoka," alisema. "Mimi nawaondoa hapa kama watu."

Jina lake analo, na wazee wa kanisani kwake wanalijua, lakini sisi wengine Tabora tulimwita kwa nyumba aliyoitunza. Ni tembe la zamani, kuta nene za udongo na paa bapa, nje kidogo ya mji, kwenye njia ambayo misafara ilipita ikitoka pwani kwenda Ujiji. Waliopumzika humo walikuwa wa kila aina: wenye pembe za ndovu, wenye bunduki, wenye Biblia, wenye minyororo na waliofungwa kwa minyororo. Kazi ya Mzee wa Tembe ilikuwa kuwaambia wageni habari za hao wote ndani ya muda ambao dereva alikuwa radhi kusubiri.

Nimemjua tangu nikiwa shule ya msingi. Lakini mwaka huu nimemfikiria kuliko miaka yote iliyopita, kwa sababu nilipata kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli ya watalii inayozunguka visiwa vya Karibi, na katika watu wote ninaowajua, yeye peke yake ndiye aliyewahi kushuka bandarini huko. Wakala wa Dar es Salaam alinipa mpaka Ijumaa nijibu. Mtu mwingine angejibu siku ileile. Mimi nina shahada ya historia, nimekaa nyumbani, mtaa wa Gongoni, tangu nilipohitimu, nimeomba kazi mpaka mama ameacha kuuliza, na bado nilipoletewa kazi mkononi nilianza kuikagua kama mtu anayekagua samaki sokoni. Je, nikiumwa baharini? Je, mama akiumwa nchi kavu? Je, nikiipenda? Hili la mwisho ndilo lililoninyima usingizi zaidi.

Siku ya kwanza kumwona tulikuwa darasa zima, tumetoka Gongoni kwa miguu na mwalimu wetu, jua limetupiga mpaka hatuna tena hamu ya kujua lolote. Alikuwa amesimama mlangoni na mtungi na vikombe vya bati.

"Nani amechoka?"

Hakuna aliyethubutu kujibu, maana mwalimu alikuwa akitutazama.

"Basi nyote ni waongo," akasema. "Kunyweni maji. Historia haipiti kwenye koo kavu."

Tulipokwisha kunywa akaleta mzigo wake mashuhuri. Ulikuwa mchanga tu, umefungwa kwa gunia na kamba, lakini alisema uzito wake ni sawa na pembe iliyobebwa na mpagazi mmoja. Akamtwika kiranja wetu, kijana mwenye majivuno aliyekuwa akitupiga mistarini. Kiranja akapiga hatua chache, shingo ikazama mabegani kama ya kobe.

"Huyu anakwenda Bagamoyo," Mzee wa Tembe akatutangazia. "Miezi. Mvua yake, njaa yake, vidonda vyake. Haya, ndugu zake mko wapi? Nani anamsindikiza?"

Tukacheka, tukaenda naye mpaka mlangoni tukimshangilia. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule nililala nikijiuliza wale ambao hawakuwa na wa kuwasindikiza walitokaje. Nilikuwa na tabia hizo tangu utotoni.

Mzee wa Tembe mwenyewe hakubeba kitu. Hili nililigundua baadaye, nilipomaliza chuo na kuanza kwenda pale mara kwa mara, kwa sababu nyumbani kila aliyepita aliniuliza "umeshapata?" na pale tembeni hakuna aliyeuliza. Nilikaa kwenye baraza na simu yangu nikiandika maombi ya kazi. Nilimwona akiwatwika Wajerumani, Wachina, wachungaji, maofisa wa wilaya. Lakini kopo la rangi likihitaji kuhamishwa, alimsubiri mtu apite. Mfuko wa nyanya aliutundika kwenye baiskeli na kuisukuma baiskeli, asiipande, ilimradi mkono wake usihisi uzito.

"Babu, unawafundisha watu kubeba, wewe hubebi."

"Wanyamwezi tumeshabeba," alisema. "Ukoo wangu wote ulibeba. Mimi ndiye niliyezaliwa kutua."

Uongo wake nao ulikuwa wa aina yake. Asubuhi, chumba alicholala mzungu mpelelezi kilikuwa cha magharibi. Alasiri kilikuwa cha mashariki. Nilikaa na jambo hili wiki nzima, nikiwa na shahada yangu, nikijiambia ni wajibu wangu kusema, kisha nikijiambia ni utovu wa adabu kumsahihisha mzee, kisha nikijiambia woga nao ni uongo. Mwishoni nilisema.

"Ni kweli," akajibu bila aibu. "Kivuli kinahama. Unataka niwasimamishe watu juani kwa ajili ya kitanda cha marehemu?"

"Lakini alilala chumba kimoja, babu."

"Msomi, mwenyewe hajalalamika."

Msomi ndilo jina alilonipa, na hakulitumia kama sifa.

Utani ndio uliomwamsha hata siku alizokuwa amechoka kabisa. Siku moja alikuja mwalimu Mzaramo na wanafunzi wake kutoka pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara, na Mzee wa Tembe alipoisikia tu lafudhi yake alinyanyuka kitini.

"Karibuni, wezi wa nazi!"

"Shikamoo, punda wa Tabora," mwalimu akajibu.

"Marahaba. Punda alibeba, nyinyi mkala. Mmekuja kuleta chenji?"

Wanafunzi hawakujua kama wacheke au wakimbie. Wale watani wawili walitukanana mpaka machozi yakawatoka, na siku ile kusindikizana kwenyewe kulichukua muda kuliko ziara. Walifika kwenye kona, mwalimu akasema haiwezekani, sasa yeye ndiye amsindikize mzee kurudi. Wakarudi. Mzee naye akasema mgeni hawezi kuachwa mlangoni. Wakaenda tena. Dereva alilala.

Lakini wageni wakishaondoka, alikuwa mtu mwingine. Alivua viatu, akakaa barazani akitazama barabara, mdomo umefungwa. Ukimsemesha wakati huo alijibu kwa mkono. Mimi nilidhani ni uzee. Siku moja aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba kila akisimulia habari za kile chumba walimofungwa watu kwa minyororo hunyamaza kidogo katikati, watu wakadhani ana uchungu, kumbe siku hizi anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi ndipo aendelee.

"Zamani nilikuwa nanyamaza kweli," alisema. "Ukisema jambo kila siku, linakuacha. Linabaki lile la kuhesabu."

Nikamjazia kikombe cha maji.

Sasa nieleze alivyofika Karibi. Ana binti mmoja, muuguzi Marekani, mtoto mwenye upendo na haraka. Alimwita baba yake huko, na huko akamkatia nafasi kwenye meli ya watalii, juma zima, yeye na baba yake, ili apumzike. Mtaa mzima wa Ng'ambo, anakoishi, ulishiriki kumwandaa. Fundi cherehani alimshonea suti. Kinyozi alimnyoa bure na kumpa maagizo ya mambo ya kutazama. Yeye mwenyewe aliandaa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa, akayafunga kwenye mfuko msafi.

"Baba, kwenye meli chakula hakiishi," binti alimwambia kwenye simu, sauti ikisikika barazani kote.

"Si ya kula. Nitafika kwa watu. Nitafika mikono mitupu?"

Aliporudi alisimulia kwenye kibanda cha kinyozi, na watu walijaa mpaka nje. Nilikuwepo. Alianza na mizigo. Bandarini Marekani vijana walimnyang'anya sanduku, wakaondoka nalo, naye akalifuata nyuma akiwa na wasiwasi. "Nikasema, kumbe ndivyo anavyojisikia tajiri wa msafara. Anamfuata mpagazi wake kama mwizi." Akaeleza meli ilivyo mtaa uliosimamishwa, na watu wanavyokula asubuhi wakizungumzia watakachokula mchana. Kisha ikaja siku ya kisiwa.

"Kisiwa gani?" kinyozi akauliza.

"Kisiwa."

"Jina lake, mzee!"

"Wageni wangu wangapi wanalikumbuka jina la Tabora?"

Meli zilikuwa zaidi ya moja siku ile, zimesimama sambamba kama majengo. Ukishuka, alisema, hufiki kisiwani. Kwanza unafika kwenye maduka yaliyojengwa ndani ya geti, ya saa na manukato, na maduka yaleyale alikuwa ameyaona kwenye meli. Kuna watu wanapiga muziki kwenye mapipa ya chuma, wazuri sana, wanaupiga wimbo mmoja, na kundi jipya likishuka wanaurudia tangu mwanzo. Kuna akina mama wanaosuka nywele za Wazungu. Kuna madereva wanaoita. Alibandikwa stika yenye namba kifuani. "Nikawa namba. Siku hiyo nimekuwa mzigo kweli, maana hata mizigo iliandikwa."

Aliyewaongoza alikuwa mama wa makamo, mwembamba, ameshika kibao cha namba na mwavuli. Aliwapeleka kwa basi la kiyoyozi hadi kwenye shamba la zamani la miwa, nyumba ya bwana juu, mabaki ya vibanda vya watumwa chini, na kinu. Watu walipiga picha kwenye kinu. Mzee wa Tembe alisimama mbele kabisa, akamsalimia yule mama, akamuuliza ameamkaje, watoto hawajambo, nyumbani kwake ni mbali na hapa? Mama akadhani analalamikia jambo. Binti yake akamvuta kidogo suti. Akanyamaza, akasikiliza.

"Anasimulia vizuri?" mtu aliuliza kibandani.

"Vizuri sana. Alipofika kwenye vile vibanda, akanyamaza." Mzee wa Tembe akatutazama, macho yakaja kwangu yakakaa kidogo. "Nikahesabu naye. Kumi."

Wengine hawakuelewa. Mimi niliinamisha macho.

Walirudishwa getini wakiwa na saa za ziada kabla ya meli kuondoka. Yule mama aliinua kibao akasema asanteni, muwahi kupanda meli, akageukia kundi lingine lililokuwa likisubiri. Watu wakatawanyika madukani. Binti alipanda melini kuoga. Mzee wa Tembe akabaki pale getini, amesimama, mfuko wa matobolwa mkononi.

"Unafanya nini?" kinyozi akauliza.

"Nasubiri."

"Nini?"

"Wewe ukifika kwa watu, wakakuonyesha makaburi ya wazee wao, utaondoka tu? Nasubiri kusindikizwa."

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Binti alipiga simu: baba uko wapi? Niko getini. Basi panda meli! Sijaagwa. Baba, meli inaondoka! Na iondoke, siyo meli iliyonialika. Hapo kinyozi alikuwa ameweka wembe chini, anajifuta machozi.

Kisha, akasema Mzee wa Tembe, yule mama wa kibao alimaliza kazi yake ya siku. Akatoka amebadili viatu, amevaa ndala. Akamwona. Akamuuliza, bado upo? Akamwambia nakusubiri wewe. Mama akacheka, kicheko cha kuchoka, akasema haya. Wakatembea pamoja kwenye gati ndefu, polepole, wakila matobolwa, mpaka kwenye mstari wa njano ambao mwenyeji haruhusiwi kuuvuka. Hapo wakapeana mikono. Naye akapanda.

Watu walipiga makofi. Kinyozi akasema hakuna mahali duniani utu haupo, wenzangu, mmesikia. Kisa hicho kilizunguka Ng'ambo mpaka kikafika Gongoni kabla yangu. Padri alikigusia kwenye mahubiri. Mama yangu alikipenda kuliko kisa kingine chochote cha Ulaya, ingawa nilimweleza kwamba Karibi siyo Ulaya.

Ndicho kisa nilichokuwa nacho kichwani Ijumaa ile.

Miguu ya Mzee wa Tembe ilikuwa imeanza kuvimba tangu masika. Wageni nao walikuwa wamepungua, na wakubwa waliosimamia lile tembe walisema watatafuta mtu. Hawakusema lini. Yeye aliendelea kwenda, bodaboda ilimpeleka asubuhi na kumrudisha jioni, akakaa kwenye kiti mlangoni na mtungi wake kando. Siku hiyo nikimwendea, njia nzima nilikuwa na hofu ya jambo moja: ataniomba nibaki niishike kazi yake. Nilitayarisha jibu la heshima. Kisha nikatayarisha jibu la kukubali. Kisha nikaanza kuhofu kwamba hataniomba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, msomi. Umekuja na swali au umekuja na njaa?"

"Na swali."

"Basi kunywa maji kwanza."

Nikanywa. Nikamweleza habari yote, ambayo aliijua tayari, kwa kuwa Tabora ni Tabora. Nikamwambia leo ndiyo mwisho wa kujibu. Alisikiliza huku akisugua goti.

"Wale wa vyumbani," nikasema. "Kule melini uliwaona? Wanaishije?"

"Wangu alikuwa kijana wa huko Asia. Kila nikitoka, nikirudi nakuta taulo amelikunja limekuwa mnyama. Leo bata, kesho tembo. Nilimwambia binti, huyu mtu ananisemesha. Kila siku namwachia taulo nimelikunja na mimi, lakini mimi nilijua kukunja mzigo tu, basi nikamwachia mzigo." Akacheka kidogo. "Siku ya kushuka nikamtafuta nimuage. Nikamkuta ukumbini anakimbia na mashuka. Wageni wapya walikuwa wameshafika chini."

"Alikuwa amekusahau?"

"Hakuwa na nafasi ya kunikumbuka. Si kosa lake."

Hili lilinichoma, maana yule kijana ndiye mimi. Nikatafuta upande mwingine wa kushika.

"Lakini yule mama wa kibao alikukumbuka. Alikusindikiza."

Mzee wa Tembe hakujibu. Nilidhani anahesabu. Nilifika kumi, nikapita.

"Hakunisindikiza," akasema.

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua karibu na mtungi. Akawafukuza kwa fimbo, wakarudi, akawaacha.

"Nilisimama pale getini mpaka wale wa mapipa wakafunika vyombo vyao. Alipita. Alikuwa na kundi jingine, halafu jingine, kila akipita nanyanyua mkono, naye ananyanyua kibao, anadhani nauliza njia. Mwisho alitoka na ndala zake, hilo ni kweli. Akapita mbele yangu akikimbilia basi la kwao. Alikuwa amechoka, msomi. Uso ule naujua, ni wangu. Ningemsimamisha nimwambie nini?"

"Ukafanyaje?"

"Askari alikuja akanishika mkono hapa." Akagusa juu ya kiwiko. "Kama mlevi. Akanipeleka mbio mpaka kwenye ngazi, binti yangu amesimama juu analia. Matobolwa niliyala chumbani. Na mnyama wa taulo ananitazama."

"Kwa nini kwa kinyozi ulisema..."

"Ningewaambiaje kwamba nimetoka kwa watu kama kuku?" Alisema kwa hasira, kisha hasira ikamwishia mara moja, kama kitu ambacho hakuwa na nguvu za kukishika. "Na walikuwa wamefurahi. Uliwaona. Halafu simlaumu yule mama. Kwake watu wanashuka kama nzige. Mimi hapa gari likija moja najidai mwenyeji. Ningeletewa meli moja tu, kona hii ningeiona wapi?"

Kwa kawaida nikiwa kimya kichwani kuna kelele. Safari hii hakukuwa na kitu.

"Babu, niende au nisiende?"

"Mimi najua kupokea na kuaga. Hilo lingine hawakunifundisha."

"Huniombi nibaki?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ubaki hapa uhesabu kumi?"

Simu yangu ikalia, wakala, nikaizima. Nikasimama, nikasema nitakuja kumwona tena kabla sijaondoka, kama nitaondoka. Tulijua wote wawili kwamba mimi ni mtu wa kusema hivyo. Akashika pande mbili za kiti kujiinua. Miguu ikakataa. Akajaribu tena, nikamshika bega, nikamwambia babu, usijisumbue, boda ananisubiri kwenye kona, ni hapo tu.

"Sijawahi kumwacha mtu hapa mlangoni," alisema. Alikuwa anahema. "Hata wale wa wilaya walionitukana niliwafikisha."

"Najua."

"Basi chukua hii." Akanipa fimbo yake, ya mninga, imeng'aa pale mkono ulipozoea kushika. "Ikufikishe kwenye kona kwa niaba yangu. Nenda nayo polepole, haina mbio."

Nilienda nayo polepole. Ilikuwa fupi kwangu, ikabidi niiname kidogo, na jua lilikuwa lilelile la darasa la watoto wa Gongoni. Njiani nilingoja nifikie uamuzi kama mtu anavyongoja kupiga chafya. Nilipofika kwenye kona kijana wa bodaboda alikuwa amejinyoosha juu ya pikipiki yake. Nikatoa simu. Nilikuwa nimesubiri miezi mingi mtu anishike mkono, aniambie pita huku, au rudi. Mama hakusema, wakala hakujali, na mzee wa watu alikuwa amenipa alichokuwa nacho. Nikaandika: Nakubali. Nitakuja. Nikatuma kabla sijaisoma mara ya pili, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Ndipo nikaona bado nimeshika fimbo.

"Dada, twende?"

"Ngoja. Nairudisha hii."

"Mpe mtu akampelekee!"

Hapakuwa na mtu. Nikarudi nayo njia nzima. Mzee wa Tembe alikuwa palepale, kidevu kifuani, nikadhani amelala, lakini niliposimamisha fimbo ukutani kando yake alifungua jicho moja.

"Imefika?"

"Imefika, babu. Na nimekubali kazi."

"Nimekuona umesimama muda mrefu." Akaishika fimbo, akaiweka mapajani. "Basi umenirudisha nyumbani. Sasa nenda. Umeagwa."

Nilimshika mkono kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tunavyofanya. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Akaniachia mwenyewe.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, mikono mitupu, na barabara ilionekana fupi kuliko nilivyoizoea. Kwenye kona kijana wa boda alikwisha kuwasha pikipiki. Aliniona nimesimama kando yake, sipandi, natazama kule nilikotoka, naye akageuka akatazama pia. Barabara ilikuwa tupu mpaka mlangoni.

"Dada, kwani tunamsubiri nani?"

"Hakuna," nikasema, na bado sikupanda.